Kompyuta Mpakato Inayoganda Ovyo: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Kompyuta mpakato inayoganda bila mpangilio husumbua kuliko ile iliyokufa kabisa. Iliyokufa hupimwa pale pale, ilhali hii hufanya kazi vizuri asubuhi nzima, ikaganda mchana ukiwa katikati ya ripoti, na ukiifikisha kwa fundi hutulia mbele yake kana kwamba haijawahi kuugua. Ndiyo maana mashine nyingi za namna hii hufutwa na kuwekewa Windows upya siku ile ile zinapofika dukani. Kuna nyakati dawa hiyo hufaa. Lakini kama chanzo kilikuwa kwenye kifaa, tatizo hurudi vile vile, na kwa kuwa kumbukumbu za makosa ambazo zingekionyesha chanzo hicho zimefutwa pamoja na mafaili, mwenye mashine anakuwa amepoteza mali yake na ushahidi kwa wakati mmoja.

Njia inayoelezwa hapa ni kinyume cha hiyo: kuitazama hali ya kuganda yenyewe, kuiandika, kutenga sehemu moja baada ya nyingine, na kutobadilisha kamwe vitu viwili kwa pamoja. Maelezo yamelenga hasa mashine zenye Windows 10 na 11, zikiwemo zile zilizoingizwa zikiwa zimeshatumika na kuuzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ingawa vipimo vya vifaa ni vile vile kwa mfumo wowote.

Okoa mafaili kabla ya kugusa chochote

Moja ya sababu kubwa za kuganda ni diski inayoelekea kufa, na diski ya namna hiyo haitoi ahadi ya kuwaka kesho. Hatua ya kwanza, basi, ni kunakili vitu kwenda kwenye diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha. Anza na vile usivyoweza kuvipata tena popote, yaani picha, tasnifu, hesabu za biashara na hati za kazi, kisha ndipo uende kwenye muziki na filamu. Nakili kwa mafungu madogo, kwa sababu ukiliburuta folda zima la GB 100 na diski ikakwama katikati, hutajua kipi kimefika na kipi kimebaki. Kabla nakala hazijakamilika usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski) yenye alama ya /r, usipange upya diski kwa defrag, na usiweke Windows mpya, kwa maana kazi hizo zote huilazimisha diski dhaifu kusoma au kuandika kwa wingi wakati ambapo haina nguvu hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui hadi liwafike. Mashine nyingi za Windows 11, na baadhi za Windows 10, hufunga diski kwa BitLocker au usimbaji unaofanana nayo bila mwenye mashine kuambiwa waziwazi. Ukibadilisha mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine, au kuisasisha, mashine inaweza kudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, na bila ufunguo huo mafaili hayafunguki. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia anwani ya account.microsoft.com/devices/recoverykey, uuandike ufunguo huo karatasini, na uuhifadhi mbali na kompyuta yenyewe.

Kuganda kuna aina zake

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ni kazi isiyohitaji bisibisi wala pesa. Watu husema tu kwamba mashine inaganda au inastaki, lakini neno hilo moja hufunika mambo manne tofauti kabisa, na kila moja huelekeza upande wake. Mashine ikiganda tena, usikimbilie kuizima. Subiri dakika mbili au tatu, na wakati huo bonyeza kitufe cha Caps Lock ukitazama taa yake, sogeza kielekezi cha kipanya, na kama kulikuwa na sauti inacheza, sikiliza inafanya nini.

Ikiwa kielekezi kinatembea na dirisha moja tu limepauka huku mengine yakifanya kazi, tatizo liko kwenye programu hiyo au kwenye kile inachokisubiri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha tazama safu ya diski. Ukikuta diski iko asilimia 100 ilhali kiasi kinachosomwa ni kidogo sana, labda KB kadhaa tu kwa sekunde, diski hiyo inahangaika kusoma sehemu iliyoharibika, au inazidiwa na kazi ndogondogo nyingi kwa mpigo.

Ikiwa picha imesimama lakini muziki unaendelea na taa ya Caps Lock inaitika, kompyuta haijaganda. Kilichoganda ni upande wa michoro. Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itazima kwa sekunde moja, utasikia mlio mfupi, na draiva ya michoro, yaani programu inayoiendesha chipu ya michoro, itaanzishwa upya. Picha ikirudi baada ya hapo, umeshampata mshukiwa wako: ni draiva ya michoro au chipu ya michoro yenyewe.

Aina ya tatu ni ile ambayo mashine husimama kwa nusu dakika au dakika nzima, kisha yote uliyobofya hutekelezwa kwa mkupuo, madirisha yakifunguka moja juu ya jingine. Katika hali hii diski ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mfumo ulituma ombi, diski haikujibu, mfumo ukaiamsha upya, ndipo foleni ikasogea.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Kila kitu kimekufa, taa ya Caps Lock haibadiliki, na sauti inarudia kipande kimoja kifupi bila kukoma. Hapo hata kiini cha mfumo kimesimama, na washukiwa ni RAM (kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi), joto, umeme, bodi kuu, au draiva inayofanya kazi ndani kabisa ya mfumo. Njia pekee ya kutoka ni kukandamiza kitufe cha kuwashia kwa takribani sekunde 10 hadi mashine izime.

Weka daftari dogo kando ya kompyuta, na kila tukio liandikie tarehe, saa, aina ya kuganda, programu zilizokuwa wazi, muda tangu mashine ilipowashwa, kama ilikuwa kwenye chaja au betri, na kama ilikuwa mezani, mapajani au kitandani. Usitegemee kichwa, kwani akili hupenda kukumbuka tukio linaloafikiana na dhana uliyo nayo tayari. Baada ya matukio matano au sita mpangilio huanza kujitokeza. Mashine inayoganda baada ya kutumika saa moja hivi, hasa mchana wa jua kali, inazungumzia joto. Inayoganda ikiwa kwenye chaja tu inazungumzia umeme. Ile inayoganda ukiinyanyua au ukiegemeza kiganja upande mmoja ina kitu kilicholegea ndani, na inayoganda ikiachwa bila kazi ina tatizo la mipangilio ya kuokoa umeme, jambo ambalo wengi hawalifikirii kwa kuwa wanaamini kuganda hutokana na kazi nyingi.

Soma kile ambacho Windows imeshakiandika

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye mstari wa siku kwa siku na duara jekundu kila mahali ambapo kuna kitu kilianguka. Linganisha siku hizo na daftari lako, na uangalie hasa nini kilisakinishwa siku moja au mbili kabla ya tatizo kuanza. Ikiwa mashine ilikuwa nzima hadi draiva fulani iliposasishwa, umepunguza kazi kwa nusu.

Kwa undani zaidi, andika eventvwr kwa njia hiyo hiyo, ufungue kumbukumbu za Windows na kisha zile za System. Usishtushwe na wingi wa makosa, kwa kuwa hata kompyuta nzima kabisa huwa na orodha ndefu ya alama nyekundu na za njano. Nenda moja kwa moja kwenye dakika chache kabla ya saa uliyoandika daftarini. Namba 7 kutoka kwa disk humaanisha eneo bovu kwenye diski. Namba 153 kutoka huko huko humaanisha ombi lililolazimika kurudiwa. Na namba 129 kutoka kwa storahci au stornvme humaanisha kwamba diski iliacha kujibu hadi ikaanzishwa upya. Namba 4101 kutoka kwa Display ni draiva ya michoro iliyoacha kuitika na kuinuliwa tena. Chochote kinachotoka kwa WHEA-Logger ni kosa lililoripotiwa na vifaa vyenyewe, na hakipaswi kupuuzwa kikijirudia.

Naomba msomaji awe makini na namba 41 ya Kernel-Power. Wapo wanaoiona, wakaamini kwamba tatizo ni umeme, wakanunua chaja mpya. Namba hiyo husema jambo moja tu, kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu mara ya mwisho, na itajiandika kila unapoizima kwa kukandamiza kitufe. Ni matokeo ya kuganda, wala si chanzo chake.

Jaribio linalogawa njia mbili

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, inafaa kujua kama ugonjwa uko kwenye Windows au kwenye vifaa vyenyewe. Tengeneza flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux unaoweza kuwaka badala ya Windows, kwa kutumia programu ya Rufus, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Faili lake linazidi GB 5, hivyo mwenye kutumia bando la simu ni heri alipakue mahali penye mtandao wa ofisini au chuoni. Kisha itumie mashine kama kawaida kwa saa nyingi kadiri unavyoweza, ukitazama video, ukifungua kurasa nyingi, na kuiacha pia ikae bila kazi.

Ikiganda humo, Windows yako na diski ya ndani karibu zimeondoka kwenye orodha, na wanaobaki ni RAM, joto, umeme na bodi kuu. Isipoganda, watu wengi hukata shauri kwamba basi ni Windows, nao hukosea, kwa sababu Ubuntu iliyo kwenye flashi haiitumii diski ya ndani kwa kazi zake. Matokeo hayo yanamaanisha Windows au diski, na ni lazima diski ipimwe kwanza kabla Windows haijahukumiwa. Kuna pia mashine ndogo za bei nafuu zenye prosesa za Intel za familia ya Bay Trail, mfano Celeron N2840, ambazo zilijulikana kuganda kwenye Linux yenyewe kwa sababu ya hali zao za kuokoa umeme. Kwa mashine hizo jaribio hili halitoi hukumu ya haki, isipokuwa ukiongeza maneno intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuanzishia mfumo.

Diski

Sakinisha CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Rangi ya bluu ni salama, njano ni tahadhari, na nyekundu ni hatari. Rangi peke yake haitoshi. Kwenye hadidiski ya kuzunguka tazama mistari mitatu: 05, yaani maeneo yaliyokwisha kubadilishwa kwa akiba, C5, yaani maeneo yanayotiliwa shaka, na C6, yaani maeneo yaliyoshindikana kabisa. Programu hii huonyesha thamani hizo kwa hesabu ya kumi na sita isipobadilishwa, hivyo ukiona 10 maana yake ni 16. Diski yenye C5 zaidi ya sifuri, na hasa ikiwa inapanda kila wiki, haifai kuaminiwa hata kama mashine inawaka. Ukisikia mlio wa kugonga unaojirudia kutoka ndani, acha vipimo na umalizie kunakili.

Mstari wa C7 ni tofauti, na umewaokolea watu gharama. Huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi, na mara nyingi mkosaji ni waya bapa au kiunganishi kilicholegea, si diski. Zima mashine, toa betri, chomoa kiunganishi na ukirudishe kwa uthabiti, kisha uangalie kama hesabu imesimama. Haitarudi sifuri hata ukitengeneza, kwa hiyo cha kutazama ni kama inaongezeka.

SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, haina mlio wala dalili za nje. Hujaa, huchoka, au huwa na hitilafu kwenye programu yake ya ndani, ambayo mtengenezaji huweza kuwa ameshaitolea sasisho. Acha angalau asilimia 10 hadi 15 ya nafasi wazi. Kama SSD yako ni ya aina ya NVMe na unaona namba 129 mara kwa mara, fungua mipangilio ya kina ya umeme, tafuta kipengele cha PCI Express, na uzime Link State Power Management, kisha usubiri uone.

Lazima pia niseme wazi kuhusu mashine zenye RAM ya GB 4 na hadidiski ya kuzunguka. Microsoft inaitaja GB 4 kuwa kiwango cha chini cha Windows 11, lakini kiwango cha chini cha kuwaka si kiwango cha kufanyia kazi. Mashine kama hiyo ikifunguliwa kurasa kadhaa za intaneti hujaza RAM, ikaanza kuitumia diski badala yake, na diski ya kuzunguka haiwezi mwendo huo. Kinachoonekana ni kuganda, ilhali hakuna kilichoharibika. Ukiweka SSD na kuongeza RAM hadi GB 8, shida hiyo huisha, na ni matumizi bora ya fedha kuliko kulipia Windows kuwekwa upya mara tatu.

Joto na vumbi

Joto hulaumiwa kupita kiasi. Prosesa za kisasa hujilinda zenyewe: zikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza kasi, na zikizidi huizima mashine. Kwa hiyo joto la prosesa peke yake huleta uzito na kuzima ghafla zaidi kuliko kuganda. Hata hivyo chipu ya michoro, vidhibiti vya umeme na SSD ya NVMe viko kwenye boksi hilo hilo dogo, navyo hutaabika pia.

Pima kabla ya kufungua. Programu ya HWiNFO huonyesha joto la kila sehemu, na uzuri wake ni kwamba huweza kuandika vipimo kwenye faili kila baada ya sekunde chache. Iwashe iandike, uendelee na kazi, na mashine ikiganda fungua faili hilo baadaye usome mistari ya mwisho. Ukikuta prosesa ilikuwa nyuzi 62 wakati mashine inakata kauli, achana na habari ya joto la prosesa na uende kwingine.

Kama vipimo viko juu, zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, na jambo la kwanza baada ya kufungua liwe kuchomoa betri kutoka kwenye bodi. Feni yenyewe mara nyingi itaonekana safi kiasi, na hapo ndipo wengi hupuliza kidogo wakafunga. Vumbi hujificha mbele yake, pale hewa inapotoka kwenye feni na kuingia kati ya mapezi membamba ya shaba. Fungua skrubu za feni uinyanyue, na utakuta utando wa kijivu uliochanganyika na nywele na nyuzi za nguo, umeziba njia yote ya hewa, ambao ukiushika kwa kibano hutoka mzima kama kipande cha sufi. Pwani, ambako hewa ina unyevu na chumvi, utando huo huwa mzito na wenye kunata, na hauondoki kwa kupuliza bali kwa brashi laini. Ukitumia bloa, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani mwendo wa kasi ile huweza kuharibu feni.

Mashine iliyotumika miaka mingi bila kufunguliwa huhitaji pia pesti mpya ya kupitishia joto. Futa ile ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka tone dogo katikati ya chipu, na ukaze skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake. Pesti nyingi haiongezi baridi.

RAM

RAM mbovu ndiyo inayotoa matukio yasiyo na mpangilio kabisa: leo kuganda, kesho skrini ya bluu, keshokutwa faili lililonakiliwa likakataa kufunguka. Andika mdsched kwenye dirisha la Windows na R, uruhusu mashine iwashwe upya, na kipimo kikianza bonyeza F1 uchague kile kirefu. Kama kinapita bila kosa lakini shaka bado ipo, tumia Memtest86+, ambayo ni ndogo, ni ya bure, huwashwa kutoka kwenye flashi, na huachwa usiku kucha. Kosa moja tu linatosha. RAM haina kiwango cha makosa kinachovumilika.

Kosa likijitokeza, usitupe vipande vyote. Toa kimoja, pima kingine, kisha badilisha matundu. Ikiwa kipande kilekile hukosea katika kila tundu, ni kibovu. Ikiwa kila kipande hukosea katika tundu moja, tundu au bodi ndiyo yenye kasoro. Inatokea pia kwamba vipande vyote viwili ni vizima kila kimoja peke yake, ila havipatani vikiwa pamoja, hasa pale kimojawapo kilipoongezwa dukani. Mashine nyingi za Intel Core za kizazi cha 4 na cha 5 zinahitaji RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35, na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 hufanana nayo kwa macho. Soma maandishi ya kibandiko kabla ya kulipa.

Chaja na betri

Tumia mashine siku kadhaa kwenye betri pekee kadiri betri inavyoruhusu, kisha kwenye chaja, na ulinganishe. Chaja za kuiga ambazo hazifikii wati zilizoandikwa huacha mashine ikiyumba pale inapohitaji nguvu nyingi. Kompyuta za Dell zenye tundu la duara husoma utambulisho wa chaja kupitia pini nyembamba ya katikati, na pini hiyo ikipinda au chaja ikawa si yake, mashine hukataa kuchaji betri na kujishusha kasi hadi ionekane imeganda. Kielekezi kinachorukaruka ukiwa kwenye chaja tu ni dalili ya chaja mbovu au soketi isiyo na waya wa ardhi.

Betri iliyovimba ni jambo jingine kabisa. Ukiona kiguso (touchpad) kimeinuka, mfuniko wa chini umeachana, au kompyuta inayumba ikiwa juu ya meza bapa, izime, usiichaji tena, na betri itolewe bila kutobolewa wala kubinywa.

Programu na draiva

Ukifika hapa na vifaa vyote vimepita, sasa Windows inastahili kuchunguzwa. Shikilia Shift huku ukibofya Restart, fuata Troubleshoot, Advanced options, kisha Startup Settings, na uchague namba 4 ili kuingia Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na draiva na huduma za lazima tu. Mashine ikitulia humo kwa muda ambao kwa kawaida ingekuwa imeshaganda, chanzo ni draiva au huduma inayowashwa wakati wa kawaida. Rudi kwenye hali ya kawaida, andika msconfig, ficha huduma za Microsoft, uzime zilizobaki zote. Ikitulia, washa nusu yake. Kisha nusu ya nusu, hadi mkosaji abaki peke yake. Ni kazi ya siku kadhaa, nayo ina uhakika kuliko kubahatisha.

Draiva za michoro, za diski na za WiFi zipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako kwa kufuata namba ya mashine, si kutoka kwenye programu zinazodai kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Programu mbili za kuzuia virusi zisiishi kwenye mashine moja, kwa kuwa kila faili hukaguliwa mara mbili na zote mbili husubiriana. Vifaa vya kuamilisha Windows au Office bila leseni navyo viondolewe, kwani hubadilisha sehemu za ndani za mfumo na mara nyingi hubeba virusi, na hakuna kipimo cha programu kinachoaminika vikiwa bado vimo.

Kwa ajili ya mafaili ya mfumo yaliyoharibika, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uendeshe DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza uendeshe sfc /scannow.

Wenye prosesa za AMD Ryzen na tatizo la kukwama kwa sekunde chache kila baada ya muda wana habari yao mahususi. Mwaka 2022 AMD ilikiri kwamba sehemu ya usalama iitwayo fTPM ilisababisha hali hiyo kwenye Windows 10 na 11, na ufumbuzi ukaja kupitia masasisho ya BIOS. Kusasisha BIOS kufanyike betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, kamwe si wakati umeme unakatikakatika, kwa sababu ikikatishwa katikati mashine inaweza isiwake tena. Na kwa anayebaki na Windows 10, ajue kwamba Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Linapobaki suala la bodi

Ikiwa mashine inaganda hata kwenye Ubuntu, RAM imepita usiku mzima, joto liko chini, na chaja nyingine haikubadilisha kitu, bodi kuu ndiyo imebaki. Endesha kwanza vipimo vya mtengenezaji vilivyomo ndani ya mashine, kwa F12 kwenye Dell au Esc kisha F2 kwenye HP, uandike namba ya kosa ikitokea. Kisha mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupimia bodi, ukiwa na daftari lako, picha za vipimo, na orodha ya yote uliyokwisha kuyatenga. Mwombe aseme anachokwenda kupima na bei yake kabla hajaanza, na mkubaliane kwamba diski haifutwi bila idhini yako. Kwa mashine ya zamani, linganisha bei ya bodi na ya mashine nyingine ya aina ile ile, kwani si ajabu zikawa karibu sawa.

Baada ya kila rekebisho, pima muda wa kusubiri kwa kutazama daftari. Kama mashine ilikuwa ikiganda kila baada ya siku mbili, utulivu wa siku tatu hauthibitishi kitu. Ipe wiki mbili za kazi yako ya kawaida kabla ya kugusa jambo jingine. Ikiganda tena ndani ya muda huo, rudisha ulichobadilisha kama kinarudishika, andika tukio hilo, na uende kwa mshukiwa anayefuata.